Kutu chini ya rangi: Namna ya kuilinda chesi ya gari la zamani

Mnunuzi anayeinama kutazama chini ya Land Rover ya zamani katika gereji ya Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, anaweza kukuta jambo la kupendeza: chesi nyeusi inayong'aa, isiyo na doa, ambayo bado ina harufu ya rangi. Gari lina umri wa zaidi ya miaka 50, lakini uti wake wa mgongo unaonekana kama uliotoka kiwandani wiki iliyopita. Hapo ndipo mashaka yanapopaswa kuanza.

Rangi hiyo inaweza kuwa hitimisho la kazi ya wiki mbili, au ikawa ndiyo kazi yote, iliyofanywa kwa saa moja jioni kabla mteja hajafika. Siku ya mauzo chesi zote mbili hufanana. Baada ya misimu miwili ya mvua, moja itakuwa bado nzima na nyingine itakuwa imeanza kumeguka, huku mwenye gari akiendelea kubeba abiria na mizigo bila kujua.

Mafundi wa kazi hii wanakubaliana juu ya jambo moja. Rangi ya kuzuia kutu haiponyi chuma kilichougua. Kinachoamua umri wa chesi ni yale yaliyofanywa kabla ya kopo la rangi kufunguliwa, pamoja na yale yaliyofanywa mahali ambapo jicho halifiki.

Gari na njia yake

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoko katika wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya aina hiyo barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya 150,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, na ndiyo maana biashara na ufundi vimeota mizizi katika makazi hayo.

Mji mkubwa wanaoutegemea kwa soko, hospitali na vipuri ni Mbarara, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020. Sehemu ya safari ni lami, katika barabara inayoelekea Kikagati kwenye mpaka wa Tanzania. Sehemu iliyobaki ni ya udongo: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba. Gari linalopita hapo kila siku hurudi likiwa na tope lililojibana juu ya chesi, kwenye pembe na vishikizo vya springi, na tope hilo hushika unyevu kwa siku nyingi baada ya barabara kukauka.

Mizigo nayo ina mchango wake. Ankole ni nchi ya ng'ombe, na mkojo wa mifugo inayosafirishwa kwenye magari hupenya sakafu na kudondokea chesi. Una chumvi na amonia, na vyote viwili huharakisha kutu. Magari yaliyotumika katika nchi za theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu, huweza kufika Afrika Mashariki yakiwa tayari na ugonjwa huo.

Kuna pia sababu ya kisheria inayofanya suala hili kuwa zito zaidi. Tangu mwaka 2018, Uganda imezuia kuingizwa nchini kwa magari ya abiria yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yalipotengenezwa. Mwenye Land Rover au Land Cruiser ya miaka ya 1960 au 1970 hawezi kutarajia kuagiza nyingine kwa urahisi. Chesi ikioza, mara nyingi gari limekufa.

Kwa nini bodi hubaki na chesi huoza?

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na kampuni ya Rover ikaamua kutengeneza bodi kwa aloi ya alumini. Chesi, ambayo ilihitaji nguvu, ikabaki ya chuma. Mwaka 1958, mwaka uleule ambao Nakivale ilianzishwa, toleo la Series II lilizinduliwa kwa muundo huohuo.

Matokeo yake ni gari linalodanganya macho. Alumini haishiki kutu nyekundu, hivyo milango na mabawa yanaweza kubaki imara kwa miongo mingi huku chesi iliyo chini ikimomonyoka. Chesi hiyo si mhimili mzito usio na uwazi ndani. Ni sanduku refu lililoundwa kwa mabati yaliyochomelewa pamoja, yenye unene wa takriban milimita mbili. Milimita moja ikiliwa na kutu, nusu ya chuma imekwenda.

Si kila gari la zamani lina chesi ya namna hiyo. Peugeot 404, iliyojipatia sifa katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki miaka ya 1960, haina fremu inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Land Rover za Series na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1960 na 1984, zina fremu kamili inayoweza kutenganishwa na bodi, kusafishwa na kupakwa rangi upya. Hiyo ndiyo bahati ya wenye magari hayo.

Kutu hufanyaje kazi?

Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Chumvi huongeza kasi kwa sababu huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi zaidi, na kuoza kwa chuma ni tendo la kikemia linaloambatana na mkondo mdogo wa umeme. Ukikosekana unyevu au oksijeni, kutu husimama. Ndiyo kazi ya rangi: kuweka ukuta kati ya chuma na vitu hivyo viwili.

Tatizo ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ikianza chini ya rangi, hufura na kuinua utando wa rangi kama chapati inayofura kwenye kikaango. Utando ukipasuka, maji huingia, na sasa hayana njia ya kutoka. Rangi iliyokusudiwa kuwa ukuta inageuka kuwa mfuko wa kuhifadhi unyevu.

Kwa hiyo kupaka rangi juu ya kutu iliyolegea kunaweza kuwa kubaya kuliko kutopaka kabisa. Chesi iliyoachwa wazi huonesha ugonjwa wake. Iliyofunikwa huuficha mpaka siku springi itakapong'oka mahali pake gari likiwa njiani.

Kabla ya kopo kufunguliwa

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Fundi huigonga chesi kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza. Chuma kizima hulia; chuma kilichooza hutoa sauti nzito na butu. Mahali penye shaka huchokonolewa kwa bisibisi yenye ncha. Sehemu za kuangaliwa kwanza ni mhimili wa nyuma, mikono ya pembeni inayoshikilia bodi, vishikizo vya springi na sehemu ya chini ya chesi ambako maji hutuama. Penye tundu, rangi haina kazi: chuma kibovu hukatwa na kipya huchomelewa, tangi la mafuta likiwa limeondolewa na betri imetenganishwa.

Hatua ya pili ni kuosha. Tope huondolewa kwa maji, kisha grisi na mafuta huondolewa kwa sabuni kali au kiyeyushaji kinachofaa. Mpangilio huu una maana. Anayeanza kusugua kabla ya kuosha huyasambaza mafuta chuma kizima, na rangi haishiki juu ya mafuta. Dizeli, ambayo wengi huitumia kuoshea vyuma, huacha utando wake wa mafuta, na petroli ni hatari ya moto.

Hatua ya tatu ndiyo inayochukua siku nyingi: kuondoa kutu. Viwango vya kimataifa vya ISO 8501 huupima usafi wa chuma kwa madaraja. Kusafisha kwa mkono au kwa mashine ya kusugua huweza kufikia daraja la St 2 au St 3, ambako kutu iliyolegea imeondoka lakini ile iliyoshikamana bado ipo. Kupuliza chembe ngumu kwa shinikizo la hewa kunaweza kufikia Sa 2½, ambako chuma hubaki karibu kitupu kabisa.

Tofauti hiyo ndiyo tofauti kati ya gereji yenye kompresa kubwa na fundi mwenye brashi ya waya na msasa tu. Fundi wa pili naye anaweza kufanya kazi ya kudumu, mradi ajue mpaka wa zana zake. Brashi ya waya inayozungushwa na mashine ina mtego wake: huweza kuing'arisha kutu badala ya kuiondoa, ikawa nyeusi na laini kama chuma. Msasa mkavu wenye punje kubwa huufichua udanganyifu huo, na pia huacha mikwaruzo midogo ambayo rangi huishika kwa nguvu.

Kutu nyembamba iliyobaki kwenye vishimo inaweza kutulizwa kwa dawa ya kugeuza kutu. Baadhi ya dawa hizo zina asidi ya fosforasi, ambayo hugeuza kutu kuwa fosfeti ya chuma. Nyingine zina tanini, jamii ya kemikali inayopatikana katika majani ya chai na magome ya miwati yanayotumika kulainisha ngozi. Hizi huigeuza kutu kuwa utando wa rangi ya samawati inayokaribia weusi. Dawa hizo hufanya kazi juu ya tabaka jembamba lililoshikamana. Juu ya magamba mazito hugeuza sehemu ya juu tu na kuiacha ya chini iendelee kula.

Katika hatua hii kuna jambo dogo linaloweza kumgharimu mwenye gari pakubwa. Namba ya chesi, ambayo kwenye magari mengi ya zamani imegongwa juu ya chuma chenyewe, isisagwe kwa mashine wala kuzikwa chini ya matabaka mazito ya rangi. Bila namba inayosomeka, itakuwa vigumu kuthibitisha kuwa gari na hati zake vinalingana.

Rangi ipi, na kwa mpangilio gani?

Katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, rangi ya kwanza anayopewa mteja anayetaka kuzuia kutu ni praima nyekundu ya oksidi. Wekundu wake umejenga imani kubwa. Lakini wekundu huo ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu yenyewe, na peke yake hauzuii kitu. Ni rangi tu. Zamani praima nyekundu zilizosifika zilikuwa na risasi, ambayo kweli ilizuia kutu lakini ni sumu. Wekundu ukabaki katika kumbukumbu hata pale dawa ilipoondoka. Praima nyekundu ya leo inaweza kuwa nzuri ikiwa imeongezwa kizuia kutu kama fosfeti ya zinki, na maandishi ya kopo ndiyo yanayopaswa kuaminiwa kuliko rangi yake.

Praima zenye zinki nyingi hufanya kazi kwa njia nyingine. Zinki huoza kwanza na kukiokoa chuma, lakini lazima igusane na chuma kitupu. Ikipakwa juu ya kutu haina faida hiyo. Praima za epoksi, zinazochanganywa kutoka makopo mawili, hushika kwa nguvu na huzuia maji vizuri, na baadhi zimetengenezwa kustahimili chuma kilichosafishwa kwa mkono. Kwa fundi asiye na kompresa ya kupuliza mchanga, aina hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo chaguo la busara.

Kabla ya kupaka chesi nzima, fundi makini hupaka kwanza kwa brashi kwenye kingo, mishono ya kuchomelea, pembe na vichwa vya misumari. Rangi mbichi hukimbia kingo kali na kubaki nyembamba pale ambapo ilihitajika kuwa nene. Baada ya hapo hufuata matabaka kamili ya praima, kisha rangi ya juu, kila tabaka likipewa muda uliotajwa na mtengenezaji. Rangi ya juu si urembo: epoksi hudhoofishwa na jua, na praima nyingi za kawaida hupitisha unyevu zikiachwa peke yake.

Kuna sehemu zisizopakwa: mipira ya breki, bushi za mpira, nyuzi za bolti, na mahali ambapo waya wa hasi wa betri hugusana na chesi.

Saa ya kupaka

Mbarara iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake huwa na umande. Chuma kilicholala nje hupoa kuliko hewa, na unyevu hutua juu yake kwa utando usioonekana. Rangi inayopakwa hapo hufungia maji ndani yake tangu siku ya kwanza.

Kanuni inayotumika viwandani ni kwamba joto la chuma liwe juu ya kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Asiye na vipimo anaweza kutumia kitambaa kibichi: apanguse sehemu ndogo ya chesi na kusubiri. Maji yasipokauka ndani ya takriban robo saa, wakati wa kupaka haujafika. Kwa kawaida hiyo inamaanisha kuanza jua likiwa limepanda na kumaliza mapema alasiri, ili rangi ishike kabla ya baridi ya jioni. Chuma kilichosafishwa nacho kisilale usiku bila praima, kwani kutu mpya huweza kuanza ndani ya saa chache.

Mahali ambapo jicho halifiki

Kwa kuwa chesi ni sanduku, nusu ya uso wake iko ndani, na chesi nyingi huanza kuozea huko. Rangi ya nje, hata iwe bora namna gani, haigusi upande huo. Tope na maji huingia kupitia matundu, na matundu ya chini ya kutolea maji yakiziba, sanduku hugeuka birika.

Tiba ni kuosha ndani kwa maji ya shinikizo, kuacha kukauke kabisa kwa siku kadhaa, kisha kupuliza nta maalumu ya kuzuia kutu kwa bomba jembamba lenye ncha inayotawanya pande zote. Nta hubaki laini, hutambaa kwenye mishono na kujiziba yenyewe inapokwaruzwa. Matundu ya kutolea maji yazibuliwe baada ya kazi.

Wengi hutumia oili chafu ya injini badala ya nta kwa kuwa haina gharama. Oili hiyo husaidia kwa muda, lakini ina asidi na mabaki ya mwako, huharibu mipira, na hudondoka ardhini. Lami nzito inayopakwa chini ya gari nayo huonekana imara, lakini ikikauka hupasuka, na maji hujificha nyuma ya nyufa zake.

Ulinzi wenye nguvu zaidi ni kuitumbukiza chesi tupu katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 450, ambayo hufunika ndani na nje. Lakini kazi hiyo huhitaji birika refu la kiwandani na gari lililobomolewa lote, gharama isiyobebeka kwa wengi.

Vumbi, mvuke na mto

Chesi ya zamani huenda ina rangi ya risasi chini ya tabaka zake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Gereji nyingi ziko jirani na nyumba za kuishi, na vumbi la kusaga linaweza kufika kwenye sufuria na mikeka. Kulowesha uso wakati wa kusugua rangi ya zamani, kukusanya mabaki na kubadili nguo kabla ya kushika mtoto ni hatua zisizo na gharama kubwa. Chuma kiliolowa kikaushwe na kupitishwa msasa mkavu kabla ya praima.

Kupuliza mchanga wa kawaida kuna hatari nyingine: vumbi la silika huleta ugonjwa wa mapafu usiotibika. Baadhi ya rangi za makopo mawili, hasa za poliyurethani, zina isosaneti zinazoweza kusababisha pumu, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake.

Mabaki ya thina na oili nayo yana safari yake. Mto Rwizi unapita Mbarara na kuelekea kwenye mfumo wa maziwa na ardhi oevu wa Mburo na Nakivale. Kinachomwagwa kwenye mtaro wa gereji mjini huweza kuwafuata watu wanaovua na kuchota maji huko chini.

Kabla ya kulipa

Kwa mnunuzi, ushauri ni mfupi. Rangi mpya kwenye chesi isihesabiwe kuwa sifa mpaka muuzaji aeleze kilichofanywa chini yake. Picha za kazi kabla ya kupakwa zina thamani kuliko mng'ao. Nyundo ndogo na ruhusa ya kugonga viombwe kabla ya bei kutajwa. Muuzaji anayekataa chesi yake isigongwe ameshatoa jibu.

Kwa mwenye gari, kazi haimaliziki rangi inapokauka. Tope lioshwe kila baada ya safari za mvua, matundu yachunguzwe, na kila mwaka mikwaruzo irekebishwe ingali midogo kama kidole gumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari linalobeba watu kati ya Nakivale na Mbarara, ukuta huo ndio uliowashikilia abiria wote.